Kabla ya kuhesabu miti, tuhesabu kitabu cha mtoto kinaishi miaka mingapi

Ndugu Mhariri,

Kila bajeti ya elimu inapokaribia kusomwa, hoja moja hurudi kwenye kurasa za magazeti, leo katika barua ya msomaji, kesho katika hotuba ya mheshimiwa: watoto wapewe vishikwambi, vitabu vya karatasi viachwe, miti ipone. Sisi tunaokuandikia ni wachapaji, wakutubi wa shule na mafundi wa vifaa vya kielektroniki. Tukiri mapema kwamba baadhi yetu tunakula kwa wino na wengine kwa kubadilisha vioo vilivyopasuka, kwa hiyo kila upande ulikuwa na wakili wake tulipokaa kupiga hesabu. Hoja ya miti haikufika mbali.

Chukua kitabu cha hadithi cha mtoto wa darasa la pili: kurasa 32 za ukubwa wa A5, karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, jalada la gramu 250 kwa kipimo hichohicho, pini mbili mgongoni. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, na ukiikunja mara moja inatoa kurasa nne za A5. Kurasa 32 basi ni karatasi nane, gramu 40. Jalada ni A4 moja nzito, karibu gramu 16. Jumla gramu 56. Makadirio yanayotumika sana katika biashara ya karatasi ni kwamba mti mmoja wa wastani hutoa rimu 16 hadi 17 za A4, yaani kilo 41 hivi. Ondoa asilimia saba au nane ya vipande vinavyokatwa pembeni na shiti zinazotupwa wakati fundi anaweka rangi sawa, na mti huo umebaki na vitabu karibu 700. Hiyo ni shule nzima ya msingi, kila mtoto na chake, kwa mti mmoja.

Na mti gani? Tanzania inapoteza zaidi ya hekta 460,000 za misitu kwa mwaka kwa takwimu za serikali yenyewe, na visababishi vikubwa ni mashamba mapya, mkaa na kuni. Misonobari ya Sao Hill kule Mufindi ilipandwa ili ivunwe, kama mahindi yanayochukua miaka ishirini na zaidi kukomaa, na kiwanda cha Mgololo kinachoitumia hutengeneza hasa karatasi za mifuko na vifungashio. Cha Webuye, Kenya, kilichoanza kazi miaka ya 1970, kilisimama mwaka 2009. Kwa hiyo karatasi nyingi ya vitabu vyetu inapita bandarini. Ikitoka India, mara nyingi imechanganywa makapi ya miwa na mabua ya ngano. Ikitoka Indonesia, ni lazima uulize maswali, maana sehemu ya misitu ya asili ya Sumatra ilifyekwa kupisha mashamba ya miti ya karatasi. Swali hilo lina dawa rahisi: hati ya FSC au PEFC, mifumo ya kimataifa inayothibitisha kwamba msitu umevunwa kwa utaratibu, iambatane na ankara ya karatasi, na namba ya hati ihakikiwe kwenye tovuti yao kabla ya malipo. Nembo peke yake nyuma ya jalada haitoshi. Nembo inachapika na mtu yeyote mwenye mashine.

Tusimpambe mchapaji hata hivyo. Dhambi kubwa ya karatasi iko kwenye maji. Vipande vya mti huchemshwa pamoja na magadi makali na misombo ya salfa ili nyuzi ziachane, kisha rojo husafishwa kwa klorini dioksaidi ili iwe nyeupe. Wakazi wa Webuye walilalamika kwa miaka mingi juu ya harufu na maji machafu yaliyoingia Mto Nzoia. Anayetaka kupunguza madhara kwenye kitabu cha mtoto anaweza kuanzia hapo, kwa kukubali karatasi yenye weupe wa kiasi, rangi ya maziwa badala ya weupe wa bati jipya. Macho ya mtoto anayesoma karibu na dirisha yatamshukuru pia.

Sasa kishikwambi. Apple ilipotoa iPad ya kwanza mwaka 2010, ripoti yake yenyewe ilitaja kilo 130 za hewa ukaa kwa maisha yote ya kifaa kimoja. Vya miaka ya karibuni vimeshuka chini ya kilo 100, na robo tatu au zaidi ya mzigo huo hutolewa kabla mtoto hajabonyeza kitufe cha kuwasha: mgodini, kwenye kiwanda cha vioo, kwenye kiwanda cha chipu. Hapo ndipo wengi hukosea. Husema umeme wetu ni safi, Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, Kenya ina mvuke wa Olkaria na upepo wa Turkana, kwa hiyo kishikwambi ni safi. Lakini umeme wa kuchaji ni mdogo hata ungetoka kwenye jenereta. Betri ya kishikwambi cha kawaida hubeba wati-saa 20 hivi. Ukichaji arobaini kwa pamoja, pamoja na kinachopotea kama joto kwenye chaja, umetumia yuniti moja ya LUKU. Mara tatu kwa wiki kwa wiki 40 za masomo ni yuniti tatu kwa kila kifaa kwa mwaka. Usafi wa bwawa hauwezi kufuta kilichofanyika kiwandani.

Wala kilichofanyika Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyingi ikiwa Lualaba na Katanga ya Juu, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya machimboni. Ripoti ya Amnesty International ya mwaka 2016 ilieleza watoto wakichambua na kuosha mawe ya kobalti kwa mikono. Unaponunua kifaa cha kumsomeshea mtoto wa Dodoma, yupo mtoto mwingine anayeweza kuisoma hadithi ileile kwa lugha ileile, naye yuko kwenye shimo. Betri nyingi mpya za sola na za baadhi ya magari hazina kobalti kabisa. Za vishikwambi vingi bado zinayo.

Tukirudi kwenye mizani: kilo moja ya karatasi hubeba kilo moja hadi moja na nusu ya hewa ukaa. Tumeikuza mara mbili makusudi, ili iingie pleti za kuchapia, wino, filamu ya jalada na lori, na kitabu chetu cha gramu 56 bado hakifiki gramu 200. Maana yake kishikwambi kimoja ni sawa na vitabu vya hadithi 500. Maktaba ya darasa yenye vitabu 100 tofauti, nakala tano kila kimoja, ndiyo hiyo. Zile hesabu za Ulaya zinazosema kifaa hujilipa baada ya vitabu thelathini na kitu zilifanywa kwa mtu mzima anayenunua kitabu kinene cha kurasa mia tatu na zaidi, akakisoma peke yake, akakiweka rafuni. Kitabu cha mtoto ni chembamba, na kikiwa shuleni kinasomwa na wengi. Hesabu ya mtu wa Stockholm haiwezi kuhamishiwa Namtumbo kama ilivyo.

Kuhusu kusafirisha, kuna jambo dogo linalowashangaza watu. Tani moja ya vitabu kutoka Mumbai hadi Dar es Salaam kwa meli, umbali wa kilomita zaidi ya 4,500, huchafua hewa karibu sawa na tani hiyohiyo ikipanda lori kutoka Dar hadi Mbeya, kilomita 830 hivi. Kwa hiyo kilio cha kwamba vitabu vinatoka nje ni kilio halali cha ajira na fedha za kigeni. Cha mazingira ni kidogo.

Kuhusu kusoma kwenyewe tutasema kwa kifupi, walimu wanalijua zaidi yetu. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Pablo Delgado wa Valencia walikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 na kukuta wasomaji wa karatasi wanaelewa vizuri zaidi, hasa maandishi ya maarifa na hasa muda unapobana. Kwa hadithi tupu hawakuona tofauti. Mwaka 2021 ulifuata mkusanyo wa tafiti 39 kuhusu watoto wa mwaka mmoja hadi minane: kitabu cha dijitali kilicho sawa na cha karatasi kilishindwa na cha karatasi, lakini kilichokuwa na nyongeza zinazoisukuma hadithi mbele kiliweza kushinda. Nyongeza za michezo zilivuruga. Sweden, iliyokuwa mstari wa mbele kuweka skrini madarasani, mwaka 2023 ilitenga kronor milioni 685 kununua vitabu vya karatasi. Haimaanishi skrini ni sumu. Mtoto wa miaka sita anayejifunza kufuatisha mstari kwa kidole anahitaji kitu kisichohama anapokigusa, basi.

Yote hayo lakini yanategemea jambo moja ambalo halimo kwenye hotuba: kitabu kikifa muhula wa kwanza, faida yake yote imekufa nacho. Na vitabu vyetu vinakufa mapema, tena kwa sababu zinazojulikana.

Ya kwanza ni mkondo wa nyuzi za karatasi. Karatasi ina upande ambao nyuzi zimelala, na nyuzi hizo zinapaswa kwenda sambamba na mgongo wa kitabu. Zikikatiza, kurasa hukakamaa, kitabu hakilali wazi, na gundi ya mgongo inavutwa kila kinapofunguliwa hadi inaachia. Mchapaji huikosea akibana shiti ili apate nakala nyingi zaidi kwa tani ileile. Kupima ni kazi ya dakika moja: kata kipande cha mraba cha sentimita kumi kutoka ukurasa, ukikumbuka upande uliokuwa mgongoni, ukilowanishe uso mmoja kwa kitambaa, ukiangalie kinavyojikunja kama mrija. Urefu wa mrija huo ndio mkondo wa nyuzi. Usipoelekea sambamba na mgongo, rudisha mzigo.

Ya pili ni pini. Tanga, Pwani, Unguja na Pemba, pini ya chuma cha kawaida hupata kutu ndani ya msimu mmoja wa masika. Kutu hula karatasi kuzunguka tundu, na shiti ya katikati ndiyo hutangulia kuanguka. Kuna waya usioshika kutu, na tofauti ya bei kwa nakala ni ndogo mno. Vitabu vinene vya kiada vina ugonjwa tofauti: vimebandikwa kwa gundi ya moto bila kushonwa. Gundi hiyo hulainika kitabu kikisahauliwa kwenye kontena la bati juani, na ikizeeka hukatika kama biskuti. Kama mgongo haukukwanguliwa vya kutosha kabla ya kupakwa, gundi imeshika ngozi ya juu tu ya karatasi. Fungua katikati, shika ukurasa mmoja, uvute taratibu kwa nguvu ya kuvuta kitasa cha droo. Ukitoka mzima bila kuchanika, gundi haikushika. Kitabu kinachozidi kurasa 160 na kitakachotumiwa miaka mitatu kinapaswa kushonwa kwa uzi, mkunjo kwa mkunjo, ndipo kibandikwe.

Ya tatu ni filamu ya plastiki kwenye jalada. Inazuia uchafu, kweli. Lakini ikiwekwa upande wa nje tu, karatasi hunyonya unyevu kwa ndani na kuvimba, filamu haivimbi, jalada linajikunja kwa nje kama ganda la muwa. Isitoshe, jalada lenye filamu halikubaliki kirahisi na wanaonunua karatasi chakavu. Kwa vitabu vyembamba vya bei nafuu tungechagua vanishi ya maji na jalada la gramu 300. Kwa kitabu cha kiada kinachobebwa kwenye mkoba kila siku, filamu iwepo, ila iwe ya aina isiyojikunja, na mchapaji aandike jina lake kwenye ankara.

Kitabu chembamba kilichoachia pini hakijafa. Ng'oa pini kwa kisu butu bila kuchana. Panga shiti zote ndani ya jalada, zigonge mezani zikae sawa. Tumia tundu moja la kila pini, na la tatu toboa katikati kabisa ya mgongo. Chukua uzi imara wa pamba, urefu mara mbili na nusu ya kimo cha kitabu, sentimita 55 hivi kwa A5, uupitishe kwenye mshumaa mara mbili upate nta. Sindano iingie tundu la katikati kutokea ndani kwenda nje, ukiacha mkia wa sentimita nane. Kwa nje panda hadi tundu la juu, rudi ndani. Kwa ndani shuka moja kwa moja hadi tundu la chini, ukiliruka la katikati, toka nje. Kwa nje panda hadi katikati, ingia ndani. Sasa mikia miwili ikae pande mbili za ule uzi mrefu, ikaze kwa kuvuta sambamba na mgongo, maana ukivuta kwenda juu karatasi itachanika, kisha funga fundo mbili. Mwanafunzi wa darasa la sita anajifunza kazi hii kwa kipindi kimoja, na akizoea anamaliza kitabu kwa dakika tano.

Ukurasa uliochanika usibandikwe selotepu. Baada ya mwaka mmoja au miwili gundi yake inageuka njano, inavuja pembeni na kushikanisha kurasa mbili ambazo hazikuwa na ugomvi. Pachika ukanda wa karatasi nyembamba kwa gundi nyeupe ya maji iliyopakwa kidogo sana, weka plastiki juu na chini, laza kitabu chini ya matofali usiku mmoja. Gundi ya unga wa ngano inashika vizuri pia, ila Pwani inaita mende. Rafu iwe angalau sentimita kumi kutoka ukutani na kumi na tano kutoka sakafuni, miguu yake ionekane, kwa sababu mchwa hujenga njia ya udongo na njia hiyo ndiyo utakayoiona kwanza.

Kishikwambi nacho kina magonjwa yake, na fundi anayajua kwa mpangilio: kioo, tundu la chaja, betri. Mradi wa Worldreader nchini Ghana ulioanza 2010 uligawa Kindle, vifaa vya kusomea vitabu vya dijitali, kwa wanafunzi, na tathmini yake ilikuta takriban vinne katika kila kumi vimeharibika, kioo kikiwa ndilo tatizo kubwa. Tundu la chaja la aina ya zamani, lile lenye upande mmoja tu wa kuingilia, huvunjika ulimi wa ndani mtoto anapolazimisha kinyume. Anayeagiza leo aagize USB-C, na kava la raba lenye pembe nene, maana kifaa huanguka kwa pembe. Betri ya lithiamu hustahimili mizunguko 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha kabla haijabaki na asilimia 80 ya uwezo wake. Joto huiua haraka zaidi. Vishikwambi vikifungiwa Desemba nzima vikiwa vimejaa asilimia 100 kwenye ofisi ya bati isiyo na dari, Januari vingine vitafunguliwa vikiwa vimevimba mgongo. Viachwe kwenye asilimia 50, vimezimwa, kwenye chumba chenye hewa. Kilichovimba kisibonyezwe wala kutobolewa. Kiwekwe kwenye debe la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya jengo, hadi kipate wa kukipokea.

Wa kukipokea ndiye adimu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na asilimia 22 tu zilirekodiwa kuwa zilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Shule isiyo na umeme wa gridi inaongeza mzigo mwingine juu ya huo: kuchaji vishikwambi arobaini kunahitaji paneli ya wati 300 hivi na betri mbili za risasi za volti 12, ampea-saa 100 kila moja, kwa sababu betri ya namna hiyo haifai kushushwa chini ya nusu. Betri hizo huchoka baada ya miaka miwili hadi minne. Zinakokwenda tumeshaonyeshwa: Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za risasi kiliwatia wakazi sumu, na Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kuna ugonjwa mwingine usioonekana hadi darasani. Vitabu vingi vya dijitali vinavyosambazwa ni PDF ya ukurasa wa A4. Ukiufungua kwenye kioo cha inchi saba, chenye upana wa sentimita tisa hivi, herufi ya pointi 12 inashuka hadi pointi tano, ndogo kuliko maandishi ya kopo la dawa. Mtoto anakuza, mstari unatoka nje ya kioo, anasogeza kulia, anarudi kushoto, anapotea. Tumeona watu wakilaumu watoto kwa hilo. Kitabu cha simulizi kitolewe kwa EPUB, ambamo maandishi hujipanga upya kufuata upana wa kioo. Faili iliyopigwa skani yenye MB 60 hushuka hadi MB mbili au tatu maandishi yakiwa maandishi kweli na picha zikipunguzwa, na hapo bando la mzazi linapumua.

Yapo mahali ambapo dijitali inashinda wazi, na tungeikosea haki tusipoyataja. Mwalimu mwenye masomo mawili na madarasa matatu anahitaji viongozi vya mwalimu, muhtasari, kamusi na mitihani ya nyuma, kilo nyingi za karatasi anazofungua mara chache. Kishikwambi kimoja kinambebea vyote, na vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipokabidhiwa walimu, uamuzi ulikuwa mzuri kuliko kununua vipya, kwa sababu mzigo wa kiwandani ulikuwa umeshalipwa. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anakuza herufi. Asiyeona anasikiliza, wakati kitabu kimoja cha kiada kikiwekwa nukta nundu hujaza majuzuu kadhaa. Shule ya mbali inaweza kuweka programu ya Kolibri kwenye kompyuta ndogo, ikagawa masomo kwa Wi-Fi ya ndani bila intaneti. Vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) vilivyo kwenye maktaba mtandao yao vinaweza kusomwa na mwalimu leo, lori la vitabu likiwa bado njiani.

Na kuna njia ya katikati ambayo hatuelewi kwa nini haitumiki zaidi: faili isafiri kwa mtandao, karatasi ichapwe karibu na mtoto. African Storybook ina hadithi za Kiswahili zenye leseni huria inayoruhusu kuchapa. Duka la stesheneri la wilayani lenye risografu, mashine ya kurudufu nakala nyingi kwa haraka, linatosha kwa nakala 100. Kosa la kawaida ni mpangilio wa kurasa. Kwa kijitabu cha kurasa 32, namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi lazima zijumlishwe kuwa 33: ukurasa wa 32 kushoto na wa 1 kulia, nyuma yake wa 2 kushoto na wa 31 kulia, hivyohivyo hadi 16 na 17 katikati. Jumla ikitoka 34 popote, simamisha mashine. Chapa nakala moja, ikunje, isome yote, ndipo uagize 99 zilizobaki. Hadithi isiyopendwa haichapwi tena, na hakuna makasha ya vitabu visivyosomwa yanayoozea stoo.

Ombi letu kwa wizara, halmashauri na kamati za shule ni la maandishi ya zabuni tu. Kwa vitabu, ziandikwe gramu za karatasi na za jalada, mkondo wa nyuzi sambamba na mgongo, waya usioshika kutu au uzi, namba ya hati ya FSC au PEFC, na nakala tano za mfano zitakazovutwa kurasa na kulowekwa vipande mbele ya mzabuni kabla mzigo haujapokelewa. Kwa vishikwambi, betri na kioo vinavyobadilishwa na fundi wa wilaya kwa bisibisi ya kawaida, vipuri vipatikane kwa miaka mitano, masasisho ya usalama kwa muda huohuo, na kifungu kinachomlazimu mzabuni kuvichukua vilivyokufa kwa gharama yake, idadi iliyorudishwa ikilinganishwa na iliyotolewa kabla ya kulipwa awamu ya mwisho. Fungu la matengenezo litengwe mwaka uleule wa ununuzi. Kwa upande wa vitabu, fungu hilo kwa shule moja ni uzi, sindano kumi, mishumaa miwili na lita moja ya gundi nyeupe.

Ni sisi,
Wachapaji, wakutubi wa shule na mafundi wa vifaa vya kielektroniki,
Morogoro